Maisha mema na maisha yenye maana: tunapochanganya mambo

Dhana: Ukiwa mwadilifu, maisha yako tayari yana maana.

Kutoiba, kutosema uongo na kutomdhulumu mtu ni wajibu wetu sote. Lakini mtu anaweza kuyatimiza hayo yote na bado asijue anaamka kwa ajili ya nini. Mwaka 1982 mwanafalsafa Mmarekani Susan Wolf alihoji kama mtu mwema kupita kiasi, asiyebakiza nafasi ya muziki, mapishi wala michezo, kweli ni wa kuigwa. Kwake, maana hupatikana pale mtu anapokipenda kwa dhati kitu kinachostahili kupendwa, akakitumikia. Seremala anayeipenda kazi yake anayo maana hiyo hata asipoitwa mtakatifu.

Dhana: Lengo likiwa kubwa, maana ipo hata kama njia ni chafu.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linaendelea kuhubiriwa kwa vijana kwa jina la mafanikio. Pwani yetu ina mfano wake. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa misafara aliyejulikana kama Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, hakupungukiwa na lengo. Misafara yake ilifika Manyema na Mto Kongo. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimpa ugavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Habari za maisha yake alituachia mwenyewe, kwa Kiswahili. Ujasiri alikuwa nao, na akili, na bidii. Lakini aliuza pembe za ndovu na aliuza watu. Ukimuuliza yeye tu, pengine atakwambia aliishi maisha yaliyojaa. Mbona hatumuulizi aliyetembea na mnyororo shingoni kutoka bara hadi pwani? Wapo wanaosema maadili ni jambo moja na maana ni jingine, kila moja na mizani yake. Mimi sikubali. Kazi iliyosimama juu ya maisha ya wengine yaliyovunjwa, uovu wake umo ndani ya kazi yenyewe. Hauondolewi kama doa la nguo.

Dhana: Maisha yenye maana ni maisha ya raha.

Juni 5, 1977, mwanamazingira Mkenya Wangari Maathai na wenzake walipanda miche saba Kamukunji, Nairobi, na mingi ilikufa. Ndoa yake nayo ikavunjika. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, wabunge walimshambulia kwa maneno hadharani. Wakati huo wanawake wa vijijini walioungana naye katika kupanda miti waliendelea kuokota mbegu za miti ya kienyeji, wakiziotesha kwenye makopo yaliyotobolewa, wakilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Ghorofa hilo halikujengwa. Tuzo ya Amani ya Nobel ilikuja mwaka 2004, na kazi ilikuwa na maana yake miaka 27 kabla.