Bakiholi ya maikrowevu ni nini? Kazi ya yale madishi ya duara kwenye minara ya simu

Ukiutazama mnara wa simu vizuri utaona pale juu kuna vitu vya aina mbili. Kuna mabapa marefu yamesimama wima, hizo ndo antena zinazoongea na simu yako, halafu kuna madishi ya duara, mengine madogo mengine makubwa, kila moja limegeukia upande wake na simu yako halina habari nayo kabisa. Hayo ya duara ndo bakiholi ya maikrowevu, yaani njia ya hewani inayobeba data kutoka kwenye huo mnara kwenda kwenye mtandao mkuu wa kampuni, na kuirudisha.

Maana mnara wenyewe hauna intaneti. Unapokea tu mzigo wa simu zenu na ni lazima uupeleke mahali, ufike kwenye mitambo ya kati ambako laini inakaguliwa, bando linahesabiwa, na ndo mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti yenyewe ulipo. Hiyo safari ya mnara mpaka kati inaweza kupita kwenye faiba iliyofukiwa chini, inaweza kupita kwenye setilaiti, au inaweza kuruka hewani dishi kwa dishi. Ndo maana simu inaweza kuonyesha netiweki imejaa mistari yote na video bado inazunguka tu, haifunguki. Ile mistari inapima wewe na mnara, huko nyuma ya mnara haijui kitu.

Na si teknolojia ya juzi hii. Mwaka 1931 tayari kulikuwa na majaribio ya kuvusha mawasiliano kwa mawimbi ya aina hii kati ya Calais na Dover, na 1951 Marekani wakawasha njia ya kutoka New York mpaka San Francisco, minara 107 inapokezana. Kilichobadilika ni ukubwa wa mzigo. Enzi za 2G mnara ulikuwa unaridhika na laini moja au mbili za aina ya E1, na E1 moja ni megabiti 2 kwa sekunde na chenji kidogo, leo mnara wa 4G unataka mamia ya megabiti na wa 5G unadai gigabiti kabisa.

Sasa inafanyaje kazi. Redio inachukua data, inaipandisha kwenye mawimbi ya masafa ya juu, kawaida kuanzia gigahezi 6 mpaka kama 42, halafu dishi linayakusanya yote yaelekee upande mmoja. Miale inakuwa myembamba kweli: dishi la sentimita 60 kwenye gigahezi 18 linatoa mwale wa nyuzi 2 hivi, na ukipanda mpaka gigahezi 80 dishi lilelile linabaki na nusu nyuzi tu. Hapo mnara ukiyumba na upepo linki, yaani muunganiko wa dishi na dishi, inayumba nayo. Na kulifunga si mchezo, mafundi wawili wako juu ya minara miwili tofauti, huyu anakaza nati kidogo kidogo anasoma kiwango cha ishara, yule wa upande wa pili anamsubiri, wanabadilishana. Kuna mtego mmoja hapo, dishi lina mwale mkuu lakini pembeni yake kuna vijimwale dhaifu, sasa fundi mwenye haraka anashika kijimwale cha pembeni, anaona linki imepanda, anashuka anaenda zake. Linki inafanya kazi lakini dhaifu kuliko hesabu ilivyosema, na siku hali ya hewa ikibadilika tu kilio kinaanza.

Madishi lazima yaonane. Hili watu wanalichukulia kirahisi, ukisimama mnara huu ukauona ule basi wanadhani imeisha, wakati mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba kama wa kamba, yanahitaji nafasi ya wazi kuzunguka huo mstari, wenyewe wanaiita ukanda wa Fresnel. Chukua linki ya kilomita 20 kwenye gigahezi 7. Katikati ya njia ukanda huo una nusu kipenyo cha karibu mita 15, na kanuni ya kazi inataka angalau asilimia 60 yake iwe wazi, kwa hiyo mita 9. Juu ya hapo dunia ni mviringo, katikati ya hizo kilomita 20 inavimba kama mita 6 hivi hata baada ya kuhesabu kwamba hewa inapinda mawimbi kidogo kuelekea chini. Jumla mita 15 juu ya mti au jengo lolote lililopo katikati. Mti ukikua au mtu akijenga ghorofa, linki iliyokuwa safi miaka yote inaanza kusumbua na hakuna kifaa kilichoharibika.

Haya, mvua. Hapa ndo maikrowevu inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Ni kweli matone ya mvua yanakula mawimbi, hasa ukivuka gigahezi 10, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo inavyozidi kuuma. Lakini redio za siku hizi hazikatiki ghafla, zinabadilisha zenyewe modulesheni, yaani namna ya kupakia data kwenye mawimbi. Ni kama unavyoongea na mtu, kukiwa kimya unaongea haraka, kelele zikianza unapunguza kasi unatamka neno moja moja ili akusikie. Hewa ikiwa safi redio inatumia modulesheni nzito, QAM ya 4096, yaani kila mpigo mmoja unabeba biti 12, mvua ikizidi inashuka hatua kwa hatua mpaka ile nyepesi ya QPSK yenye biti 2 tu. Uwezo umeshuka mpaka sehemu ya sita lakini linki ipo hai, na kinachobaki wanapewa kwanza simu za sauti na ishara za kulinganisha saa za minara, video yako inangoja. Mpangaji mzuri anapiga hesabu kabla, anataka linki iwe hewani asilimia 99.999 ya muda, ambayo ni kama dakika 5 tu za kukatika kwa mwaka mzima, halafu anachagua masafa, ukubwa wa dishi na urefu wa njia kufuatana na mvua ya eneo lile. Akikosea hapo tusiilaumu mvua.

Cha kushangaza, linki ndefu za masafa ya chini, gigahezi 6 mpaka 8, mvua haziiogopi sana. Zinachoogopa ni usiku mtulivu usio na upepo, hewa inajipanga matabaka, mawimbi yanapita njia mbili tatu na yanafika yakiwa yanafutana. Juu ya maji ndo balaa zaidi kwa sababu uso wa maji unarudisha mawimbi, kwa hiyo wanafunga madishi mawili kila upande, moja juu moja chini, likizidiwa hili lile linasikia.

Uwezo wa linki unategemea kwanza upana wa chaneli, yaani kipande cha masafa ulichopewa kutumia. Kwenye masafa ya kawaida unapewa megahezi 28 au 56, wakati mwingine 112, unapata mamia ya megabiti, na ukirusha mara mbili kwenye chaneli hiyohiyo, mawimbi ya wima na ya ulalo kwa pamoja, unakaribia kuzidisha mara mbili. Gigahezi 71 mpaka 86 kuna nafasi kubwa sana, chaneli inaweza kufika megahezi 2000, hapo gigabiti 10 zinapita ila kwa kilomita chache tu. Wengine wanaunganisha zote mbili kwenye njia moja, ya juu inabeba mzigo mkubwa, ya chini inabaki kushikilia mambo wakati wa mvua.

Faiba kwa wingi wa data inashinda, hakuna ubishi. Lakini kwa kuwahi, hewani ni haraka zaidi, mawimbi yanaenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde na mwanga ndani ya faiba kama 200,000, ndo maana wafanyabiashara wa hisa wamejenga minara ya maikrowevu kati ya Chicago na eneo la New York kwa ajili ya kuwahi vipande vya sekunde.

Mimi naona tatizo kubwa mara nyingi ni mnyororo wenyewe kuliko hewa. Mnara wa mwisho unapitia kwa jirani yake, jirani kwa mwingine, mpaka wafike kwenye mnara wenye faiba, kwa hiyo hopu, yaani mruko mmoja wa dishi kwa dishi, ile ya mwisho kabla ya faiba inabeba mzigo wa wote. Ukiongeza 5G kwenye minara mitano bila kuipanua hopu hiyo, hujaongeza kitu. Na ikikatika wote wanazimika pamoja, ndo maana wenye uwezo wanafunga pete, kila mnara unaunganishwa kwa pande mbili, katapila likikata faiba upande huu data inageuka inapita ule mwingine.