Miguu si freni, na hiyo ya mbele siitoi

Jumamosi kijana kaingia kibandani kwangu huku Kenya (komini ya Lubumbashi jamani, si ile nchi ya Nairobi) na baiskeli nyeupe ya pinyo fikse (ile ambayo pedali na gurudumu la nyuma vinazunguka pamoja), safi kabisa, eti "Yaya, nitolee hii freni ya mbele, inaharibu sura, na miguu njo freni." Wa nne huyo tangu mvua zianze. Nikaweka spana chini nikamwambia keti nikueleze. Hakuketi, alikuwa na haraka zake, basi nayamalizia hapa.

Ni kweli, pinyo fikse unaweza kuipunguza kwa miguu. Gurudumu likizunguka pedali nazo zinazunguka, hakuna kupumzika, ukikaza miguu kama unarudisha nyuma mwendo unapungua. Hapo hatugombani. Ila unapunguza gurudumu gani? La nyuma tu! Chukua baiskeli yako, yoyote ile, shuka, bana freni ya nyuma uisukume mbele: inaburuzika, tairi inachora mstari vumbini. Achia, sasa bana ya mbele usukume: haiendi popote, mkia unanyanyuka. Ukifunga breki uzito wako wote unakimbilia mbele, nyuma kunabaki kwepesi, na gurudumu lisilo na uzito juu yake halishiki barabara hata ukiwa na mapaja ya wale wabeba makala wa njia ya Kasenga. Unazidi kukaza, linazidi kuteleza. Na mnaopenda kuburuza tairi mbele ya wasichana, kama gia yako ina meno 48 mbele na 16 nyuma basi gurudumu linazunguka mara 3 kamili kwa kila mzunguko wa pedali, maana yake kwa mguu uleule unaburuza palepale pa tairi kila siku mpaka patoboke, halafu unakuja kuniambia tairi ni feki. Weka 17 nyuma utapata sehemu 17 za kuchakaza. Lakini bado hujasimama.

"Ya mbele inapindua mtu kichwa chini." Inapindua, sikatai, inampindua anayeikamata ghafla kwa vidole vyote huku kifua kimelala juu ya gido, yaani usukani. Bana taratibu halafu uzidishe, rudisha matako nyuma, viwiko vikaze, mkia ukianza kupepesuka legeza kidogo. Jifunze kwenye uwanja wa mpira siku mbili tatu kabla hujaenda kujaribia nyuma ya taxi-bus, maana zile hazina habari na wewe, abiria akipiga kelele "nashuka" linasimama hapohapo na mlango unafunguka upande wako.

Halafu kuna wale wa "Ulaya wanapanda bila freni". Wanapanda, ndiyo, kwenye velodromu, uwanja wa mbio za baiskeli! Kule wote wanazunguka upande mmoja, hakuna mama na beseni la mandazi anavuka, na mtu wa mbele akifunga breki ghafla wa nyuma wote wanamwangukia, ndiyo maana freni hazitakiwi. Barabarani ni kitu kingine. London mwaka 2016 kijana wa pinyo fikse isiyo na freni ya mbele alimgonga mama aliyekuwa anavuka, yule mama akafa, na 2017 mahakama ikampa kijana miezi 18 ya jela. Sheria yao inakubali pinyo kama freni ya nyuma lakini ya mbele lazima iwepo.

Sasa kinachoniudhi zaidi. Pinyo fikse nyingi za mji huu si pinyo fikse. Ni rulibre ya kawaida (ile inayokuacha upumzishe miguu baiskeli ikienda) imekufa, mtu akapeleka kwa mchomeleaji, ikapigwa soda, yaani ikachomelewa, basi, "fikse". Sikilizeni vizuri. Rulibre inafungwa kwa kuzungushwa kulia, kila ukipiga pedali kwenda mbele inajikaza yenyewe. Ukikaza miguu kurudisha nyuma unafanya nini? UNAIFUNGUA. Yaani siku zote inatulia kimya, halafu siku unayoihitaji, kuna lori mbele yako, ndiyo siku inajifungua na miguu inazunguka bure. Habu (kitovu cha gurudumu) ya pinyo fikse ya kweli iko na uzi wa pili, mdogo zaidi, unaokazwa kwa kwenda kushoto, pale inakaa nati ya kuzuia. Pinyo ikitaka kufunguka inagonga ile nati, na nati inazidi kukaza. Kama habu yako haina huo uzi wa pili, usinidanganye, na gundi haisaidii.

Mengine haraka. Mnyororo uchezecheze kama sentimita 1 pale katikati, ukilegea sana unaruka na kufunga gurudumu. Kamba za viatu chomeka ndani na suruali ikunje, kwa sababu mnyororo ukishaikamata hausimami kukuhurumia. Kwenye kona usilale sana, pedali ya chini itagonga lami. Reli ya treni ikiwa na maji ivuke moja kwa moja, si kiupande, na mashimo uyaone mapema, maana huwezi kusimamisha pedali ukainuka kama wenzako.

Mteremko: kwa hiyo 48 na 16, kilomita 40 kwa saa ni zaidi ya mizunguko 100 ya miguu kwa dakika. Lubumbashi tuna bahati ni tambarare. Ndugu zangu wa Bukavu, mi siwashauri kabisa.

Nikiri kitu. Mwenyewe nilipanda bila freni ya mbele miaka miwili na sikuanguka hata mara moja, na hapo njo nashindwa kuwajibu vijana. Na mvua ikinyesha bado naiamini pinyo kuliko rulibre, naona kama miguu inasikia tairi kabla haijateleza, ingawa huenda ni mazoea tu ya fundi mzee.

Kebo ikikwama kwa vumbi, ilete, naipaka mafuta bure. Kutoa freni hapana, hata uje na dola.