Nyumba yako Kigoma: deni, sahihi na maji ya ziwa

Kila tukishuka Kibirizi au Ujiji kutoa elimu ya sheria, kuna swali huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya mkutano: "Nikishtakiwa kwa deni, nyumba yangu itauzwa?"

Kwa deni la kawaida, sheria inakulinda kuliko unavyodhani. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataja vitu ambavyo dalali wa mahakama hagusi hata ukishindwa kesi: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda, zana za fundi, na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Nyumba ya kupangisha haimo.

Kinga hiyo unaiondoa mwenyewe siku unapoweka nyumba rehani. Ukishindwa kurejesha, benki inakupa notisi ya siku 60, kisha inaweza kuuza bila hata kwenda mahakamani.

Ndiyo maana sahihi ya mwenza ina uzito. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Kwa mwenye wake zaidi ya mmoja, inatakiwa ridhaa ya anayeishi katika nyumba hiyo. Mwenza mwenye wasiwasi, kama nyumba ina hati, anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, ili nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani bila yeye kujua. Na akina mama, fomu ya benki isisainiwe kwa haraka huku mawese yanachemka jikoni. Mwambie mzee asubiri, uisome yote.

Sasa bima, na hapa ndipo watu wetu huumia. Bima ya moto haibebi mafuriko mpaka uombe yaongezwe na ulipie. Hata yakiongezwa, bima hulipa janga la ghafla. Maji ya Tanganyika yanayopanda polepole kwa miezi, kama tulivyoona mwambaoni miaka ya karibuni, ni ubishi mtupu na kampuni. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwenye nyumba humo aulize kampuni kabla ya kulipa ada ya bima, asije kuambiwa baada ya hasara.

Kosa jingine ni kupunguza thamani ili ada iwe ndogo. Tuseme kuijenga upya nyumba yako Gungu ni shilingi milioni 60, wewe ukaikatia bima ya milioni 30. Jiko likiungua, hasara ikawa milioni 10, kwa kawaida utalipwa milioni 5, maana ulikata bima nusu. Na hesabu iwe ya kujenga, si bei ya sokoni. Kiwanja hakiungui, lakini saruji na mabati ya kusafirishwa mpaka Kigoma utavinunua upya.

Kama nyumba iko rehani, soma mkataba wa bima uone nani anatangulia kulipwa. Mara nyingi ni benki. Kampuni ikikataa dai lako, omba sababu kwa maandishi, kisha upeleke lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.