Tope chafu halizikwi kwa pupa

Ukisubiri panton ya kwenda Msanga Mkuu, pale kivukoni Mtwara, utafundishwa bahari bila kulipa ada. Yakitajwa mambo ya kuchimba bandari ili kuongeza kina, ubishi wa tope chafu na pa kulizika hauishi mpaka panton ifunge.

"Tope la bandarini lote sumu." Hapana. Sehemu kubwa ya linalochimbwa bandarini duniani ni mchanga na udongo wa kawaida. Linalohofiwa ni lile la karibu na magati na karakana, lililokunywa mafuta, risasi, zebaki, au ile rangi ya kuzuia viumbe wasigande chini ya meli, iliyopigwa marufuku kimataifa mwaka 2008. Ndiyo maana hupimwa kwanza.

"Basi hilo baya litolewe nchi kavu, yaishe." Hapa hata wasomi hujikwaa. Lile tope jeusi la kwenye mikoko ya Mikindani, linalonuka mayai viza ukilikanyaga, ndani halina hewa. Metali humo zimekamatwa na salfa (ndugu yake ile tunayopulizia mikorosho). Lianike juani: hewa inaingia, salfa inageuka asidi, metali zinaachiwa, na mvua inazibeba. Nchi kavu kunafaa, ila kwa shimo lililojengwa vizuri, si kwa kumwaga pembeni.

"Wanatupa tu baharini." Kutupa ni kitu kingine; huku ni kulizika chini ya bahari na kulifunika. Hutafutwa bonde la chini ya maji, au huchimbwa shimo, mahali mkondo si mkali. Tishari likifungua tumbo, tope zito hushuka kama donge; asilimia chache tu hubaki likielea. Kwenye kina kirefu hutumika bomba linalofika karibu na sakafu. Oslo, Norway, walifanya hivyo kati ya 2006 na 2008, kwenye kina cha mita 70 hivi. Juu huja mchanga safi, mara nyingi sentimita 30 hadi mita moja, na unene huo huwahesabu pia kaa na minyoo wanaopenda kuchimba.

"Funika haraka ndiyo salama." Hili niliwahi kuliamini, mpaka nilipojaza ndoo tope la mikokoni na maji juu yake. Nikatupia konzi ya mchanga: ukazama wote, tope likapanda juu likinicheka. Ndoo ya pili niliiacha itulie siku tatu, kisha nikanyunyiza mchanga kwa vidole, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa watu. Ukakaa.

Boston, Marekani, walijifunza hilo kwa gharama kubwa kuliko ndoo. Shimo lao la kwanza walilifunika mwaka 1997 tope likiwa bado uji. Mchanga ukalala mnene huku, kule hamna. Mashimo yaliyofuata waliyapa muda zaidi tope lishikamane.

"Ukishafunika, sumu imekufa." Metali haiozi, shehe. Imezibiwa njia tu, na kifuniko chenyewe hupimwa tena na tena, hasa baada ya dhoruba. Adui yake mwingine ni nanga. Chombo kikiburuta nanga siku ya kusi kali, mchanga unachanika kama khanga kuukuu, kwa hiyo mahali hapo huandikwa kwenye ramani za mabaharia na kutia nanga hukatazwa.