Msamiati katika muktadha: SAT inapouliza maana ya neno, inauliza nini?

Kijana wa Lamu aliyemaliza fomu foo na anayetaka kuomba nafasi katika vyuo vya Marekani hupewa ushauri huu kabla ya mwingine wowote: kariri maneno. Atatafutiwa kitabu kilichochakaa, kimepita mikono ya binamu na majirani, chenye orodha ya maneno ya Kiingereza ambayo hata mwalimu wake hajapata kuyatamka, kisha aambiwe ameze kurasa mbili kila usiku. Zamani ushauri huo ulikuwa na mantiki. Siku hizi SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo hivyo, unapima kitu kingine, nacho ni uwezo wa kuitoa maana ya neno ndani ya muktadha wake.

Muktadha ni yale yanayolizunguka neno: sentensi lilimo, sentensi jirani, nani anasema na kwa nini. Mgeni wa bara akimsikia mama wa mtaa wa Langoni, Lamu, akiita, "Ndoo hapa!", huenda akadhani mtoto anaagizwa chombo cha maji. Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, mtoto anaitwa aje. Mama huyo huyo akisema "leta ndoo", hakuna mtoto mjini atakayekosea. Sauti ni ile ile, na hakuna aliyefunguliwa kamusi.

SAT ilianza mwaka 1926, na kwa miaka mingi ilikuwa na maswali ya maneno yaliyosimama peke yake. Ya kutafuta kinyume cha neno yaliondolewa 1994. Ya mlinganisho, yaani neno hili kwa lile ni kama lipi kwa lipi, yakafuata 2005. Mabadiliko ya 2016 yakayapunguzia nguvu yale maneno adimu yaliyowatoa watu jasho. Kwa hiyo kabla hujakishika kile kitabu cha binamu, tazama kwanza kilichapishwa lini.

Kwa watahiniwa wa nje ya Marekani, mtihani umekuwa wa kompyuta tangu 2023. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yamegawanywa mafungu mawili ya maswali 27. Kila swali lina kifungu chake kifupi, maneno 25 hadi 150, na maswali ya msamiati ndiyo hutangulia. Huja kwa sura mbili: ama kifungu kina pengo na wewe uchague neno linalolijaza kwa usahihi zaidi, ama unaulizwa neno fulani limetumika kwa maana gani. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, lakini ujanja wake unaonekana vizuri hata kwa Kiswahili. Chukua mfano huu nilioubuni:

"Wengi walitabiri kwamba boti za faiba zingewanyima kazi mafundi wa majahazi wa Matondoni. Hata hivyo, mahitaji ya kukarabati majahazi ya mbao ______: mafundi wanapata wateja wale wale, wala hawajalazimika kuajiri wasaidizi zaidi."

Majibu ni manne: yamedorora, yameshamiri, yamedumu, yamezuka. "Hata hivyo" inamfukuza "yamedorora" papo hapo, maana utabiri haukutimia. Hapo ndipo wengi hukimbilia "yameshamiri", kwa kuwa ndiyo kinyume cha kudorora. Lakini soma baada ya nukta mbili: wasaidizi hawajaongezwa, basi kazi haikukua. Na wateja ni "wale wale", basi hakuna kilichozuka. Limebaki "yamedumu". Mtahiniwa anayekosea hapa anazijua maana za maneno yote manne. Kilichomponza ni kusoma nusu ya kifungu.

Kwa upande wa Kiingereza, maneno yanayowanasa wanafunzi wetu mara nyingi si yale magumu, bali yale wanayoyajua kwa maana moja tu. "Arrest" tunalijua la polisi. Katika makala ya matumbawe, "arrest the decline" ni kuzuia hali isizidi kuharibika. "Qualified" tunalijua la mtu mwenye vyeti, ilhali "qualified support" ni kuunga mkono kwa masharti. "Novel" ni riwaya, lakini mbele ya "approach" linamaanisha mpya kabisa. "Champion" linaweza kuwa kitenzi: kulipigania jambo. Ukitaka kuandika orodha yoyote daftarini, andika ya maneno ya namna hii, kila moja na sentensi uliyolikuta nayo. Orodha isiyo na sentensi mimi naiona kazi bure.

Mwanafunzi wa Kenya hapa ana faida ambayo hajui kama anayo. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huwa na ufahamu wa alama 15, na mwisho wake swali la kawaida: eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu. Maneno hayo matatu, "kama yalivyotumika katika", ndiyo SAT nzima ya msamiati. Tofauti ni kwamba KCSE humwachia mtahiniwa atoe jibu kichwani mwake, na SAT humtandikia manne, matatu yakiwa ya kumpoteza. Fanya basi kama uliko KCSE: funika majibu kwa kiganja, soma kifungu hadi mwisho, sema neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili, kisha ufunue utafute linalolikaribia. Kutafsiri kifungu kizima neno kwa neno ni jambo jingine, na muda hautoshi. Kila swali lina sekunde zipatazo 71.

Mazoezi ni ya bure. Tovuti ya Khan Academy inafunguka hata kwenye simu. Programu ya Bluebook, ya College Board, wenye mtihani wenyewe, ina mitihani kamili ya majaribio, ila inahitaji kompyuta au tableti, na siku ya mtihani simu haikubaliwi. Asiye na kompyuta aazime mapema azoee kusoma kwenye kioo kikubwa. Fungu la pili likionekana zito kuliko la kwanza, usishtuke: ukifanya vizuri mwanzoni, programu hukuongezea ugumu. Na tangu 2016 jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo swali lililokushinda libahatishie, uliwekee alama, ulirudie dakika zikibaki.