Kucha nyeusi si saratani iliyotokeza nje

Wiki chache baada ya kuanza dripu za dawa za saratani, kucha za mtoto zinapiga weusi na viganja vinakuwa kama vimeshika masizi. Hapo ndipo minong'ono ya mtaani inapoanza: saratani imetokeza kwenye ngozi, itaambukiza wenzake.

Hapana. Saratani haiambukizi kwa kugusana, na weusi huo kwa kawaida hutokana na dawa. Siklofosfamidi, inayotumika sana kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt (aina ya saratani ya mfumo wa limfu), huweza kukoleza rangi ya ngozi na kucha. Dawa za aina hii hushambulia seli zinazogawanyika haraka: za saratani, lakini pia za mizizi ya nywele, ngozi na kucha. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, kisha kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha, na sehemu nyeusi ya kucha husogea mbele polepole hadi ikatwe.

Kumsugua kwa limau au dodoki (mabibi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa) huichubua ngozi na kuvifungulia vijidudu mlango. Mafuta yasiyo na manukato yanatosha. La kukimbilia hospitali usiku huohuo ni jingine: homa, malengelenge, au maumivu na uvimbe pale sindano ilipoingia.