Yoga ni nini, na kijana wa Goma inamfaa wapi?

Yoga ni mazoezi yaliyoanzia India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Huunganisha mikao ya mwili, pumzi inayoongozwa kwa makusudi, na kutuliza akili. Wengi hapa Goma wameijua kupitia simu tu: mtu kajikunja, mguu uko nyuma ya shingo. Hiyo iacheni kwa wanasarakasi. Kwa kijana wa miaka 14 au 16, kilicho bora zaidi katika yoga hakionekani hata kwenye picha, nacho ni pumzi.

Ukivuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo. Ukiitoa, moyo hupunguza. Kazi hiyo hupitia neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni. Ndiyo maana mwenye kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, dakika chache mfululizo, huanza kutulia hata kama mawazo yake bado yanakimbia. Vijana wetu wanahitaji hilo. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Mei 2021, vita vikaingia mjini Januari 2025. Aliyepitia hayo anaweza kushtuka mlango ukibamizwa tu, akakosa usingizi, akawa mwepesi wa hasira. Shuleni wanamwita mvivu, kumbe usiku hakulala.

Mikao nayo ina faida zake. Binti anayebeba bidoni ya lita 20 kutoka ziwani na mvulana anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wote hukaza mgongo na mabega. Piga magoti, weka viganja chini, kisha inua mgongo ukitoa pumzi na uushushe ukivuta: huo ni mkao wa paka, na mgongo hulegea. Mawe ya volkano hayana huruma kwa magoti, kwa hiyo tandika kikwembe kilichokunjwa. Kusimama kwa kichwa msijaribu bila mwalimu. Shingo haina mbadala.

Jambo ambalo walimu wengi hulisahau: kufumba macho kusiwe lazima. Kwa aliyeona watu wakiuawa, giza hilo linaweza kurudisha yale yale. Aangalie sakafu, na asiguswe ili kunyooshwa kabla hajakubali.

Wazazi huuliza kuhusu dini, na wana haki. Yoga ilikua ndani ya Uhindu, Ubudha na Ujaini, na wapo wanaoifanya kama ibada hadi leo. Kwangu mimi, kunyoosha mgongo na kuhesabu pumzi si kuabudu. Asiyeridhika anaweza kuacha jina na nyimbo zake, akabaki na pumzi.

Tafiti za mashuleni katika nchi mbalimbali zimeona wasiwasi ukipungua kiasi kwa baadhi ya wanafunzi, ingawa matokeo hayafanani. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayotoa jasho, na yoga ya polepole haifikishi hapo. Mpira na kuruka kamba vibaki. Kijana anayesema amechoka kuishi, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyeacha kula na kuongea, msimpe mkeka. Mpelekeni hospitali, au kituo cha magonjwa ya akili cha Tulizo Letu hapa mjini, na asiachwe peke yake njiani.